Dawa Isiyo na Nyongeza

Wakaangaji wa samaki wa Kunduchi walijua kuwa Mwanakombo anaumwa siku alipokubali bei ya kwanza.

Dalali alikuwa amemwaga tenga la vibua mchangani, akataja bei yake ya kuchokoza, ile ambayo yeye mwenyewe hutaraji kutukanwa nayo ndipo biashara ianze. Mwanakombo, aliyekuwa amekaanga samaki pale miaka kumi na minane na kwa miaka yote hiyo akiikataa hata bei ya tatu, alifungua fundo la kanga, akatoa hela na kusema, "Haya." Dalali akabaki mdomo wazi. Alikuwa ameshajiandaa kuapa kwa jina la mama yake.

Mauwa, ambaye jiko lake lilipakana na la Mwanakombo, akasema kwa sauti ya makusudi: "Leo bibie kaokota hela au kapoteza akili?"

Mwanakombo hakujibu. Hilo nalo lilikuwa jipya.

Ukweli ni kwamba hakuwa na nguvu ya kubisha. Tangu masika ya mwaka ule wa tisini na mbili alikuwa akiamka jogoo hajawika, macho makavu, kifua kizito kama aliyewekewa gunia la chumvi, na asiweze kutaja jambo lililomsibu. Mumewe Salumu alihamia Bunju kwa mke mdogo, lakini hiyo ilikuwa habari ya miaka mitano nyuma, aliililia akaimaliza. Binti yake Farida aliolewa Tanga, akiandika barua mbili kwa mwaka, Idi na Idi. Nyumba ya vyumba vitatu kule Mtongani ilikuwa yake na bati lake halivuji. Ukimtazama kwa jicho la biashara, hakuwa na hasara ya kumlaza chini. Lakini alipika ubwabwa wa mtu mmoja, akala vijiko vitatu, uliobaki akawamwagia kuku wa jirani. Hodi ya mwisho kupigwa mlangoni kwake ilikuwa ya mtu aliyepotea njia, akiuliza kwa fundi cherehani.

Ndiyo maana jiko la ufukweni lilikuwa kila kitu. Si kwa sababu ya hela tu. Pale ndipo mahali pekee duniani ambapo mtu alilitamka jina lake. "Mwanakombo, nifungie changu wawili." "Mwanakombo, nyongeza yangu iko wapi?" Hakuna mteja wa Kunduchi aliyenunua samaki asidai nyongeza, hata kijibua kilichovunjika mkia, na Mwanakombo alitoa huku akilalamika, maana kulalamika nako kulikuwa sehemu ya biashara. Akilipoteza jiko, angeweza kukaa Ijumaa hadi Ijumaa asisikie mtu akimwita.

Na jiko lilikuwa na sheria yake. Majiko yalikuwa kumi na manne, yamepangwa mstari mmoja nyuma ya mnada, na msimamizi wake alikuwa Bi Mwanaasha, mama mtu mzima aliyekaanga hapo tangu wateja wakilipa kwa shilingi zenye kichwa cha mfalme. Kanuni ilikuwa moja: jiko likilala siku saba bila moto, linahamia kwa mwingine. Zamani kanuni hiyo haikumtisha mtu. Lakini viwanda vilianza kufungwa, wanaume wakapewa barua za kupunguzwa kazi, na wake zao wakaja pwani wakiwa na makarai mapya, wanasimama nyuma ya mstari, wanahesabu siku za wenzao.

Mwanakombo akaenda hospitali kwa moyo ule ule wa mtu anayepeleka jiko la mchina, lile la mafuta ya taa, kwa fundi. Liwake, basi. Alidhani ni presha. Presha haikuwa na kasoro, wakamwelekeza kliniki ya Alhamisi, chumba cha mwisho ukumbini, ambako watu waliosubiri hawakutazamana usoni. Daktari alimuuliza analala vipi, anakula vipi, na kama amewahi kufikiri kuwa heri asubuhi isimkute. Mwanakombo aliitazama kalenda ukutani.

"Mara mbili," alisema.

Daktari akaandika. Akamwambia ugonjwa wake unaitwa sonona, kwamba si jini wala si uvivu, na kwamba una dawa. Akampeleka dirishani kwa Sista Jovina, muuguzi kutoka Bukoba mwenye miwani na maneno yaliyonyooka.

"Hii ni amitriptilini," Sista Jovina alisema, akihesabu vidonge kwenye bahasha ndogo ya khaki. "Kimoja kila siku, kabla ya kulala. Kimoja, mama."

"Nipe nusu mwezi, nikiona inafaa nitarudi kuchukua nyingine."

"Nusu mwezi huwezi kuona kitu. Dawa hii inaanza na usumbufu, nafuu inakuja baadaye. Wiki tatu, hata nne. Mdomo utakauka. Utasinzia. Choo kitakuwa kigumu. Ukiinuka ghafla utaona kizunguzungu."

"Sasa sista, mie nilipe usumbufu leo, faida niisubiri mwezi ujao? Bidhaa gani hiyo?"

"Ndiyo hiyo iliyopo."

"Punguza basi huo usinziaji."

Sista Jovina akavua miwani. "Mama, hapa si mnadani. Sikiliza. Usiruke siku. Usiongeze kidonge. Usiache ghafla kwa sababu umejisikia vizuri. Usichanganye na pombe wala dawa nyingine ya usingizi, na usimgawie mtu. Ukizidisha, dawa hii inaweza kusimamisha moyo. Weka mahali pa juu watoto wasifike. Na yale mawazo uliyomwambia daktari yakirudi, usingoje tarehe. Njoo siku hiyo hiyo."

Mwanakombo aliitikia kila neno. Lakini alikuwa amesikia kama anavyosikiliza dalali: anachukua anachokitaka, mengine anayaacha mchangani.

Wiki ya kwanza dawa ilimpa usingizi, na hilo lilikuwa jema. Ubaya wake ni kwamba usingizi haukujua saa ya kuondoka. Mnada wa Kunduchi unaanza mchanga ukiwa bado wa baridi. Yeye akafika jua limeshatoka, samaki wazuri wamechukuliwa, akaokoteza tasi waliolegea matumbo. Siku aliyowahi, mdomo ulimsaliti. Alitaka kupiga kelele ya bei, ulimi ukanata juu kama karatasi kwenye gundi, ikatoka sauti ya kukwaruza. Wanawake wakacheka.

"Sauti imeenda Bunju kumtafuta Salumu!" Mauwa alisema.

Zamani Mwanakombo angemrudishia mbili kwa hiyo moja. Siku ile alimeza mate ambayo hayakuwepo, akarudi kwenye karai lake.

Hapo ndipo akili ya biashara ilipoanza kumdanganya. Alijiambia: kama dawa inaharibu mnada, basi usiku wa kuamkia siku ya samaki wengi sitakunywa. Na kwa kuwa nimeruka, siku mbaya nitajipa nyongeza. Vikawa viwili. Hesabu ilimkalia sawa kichwani: jumla ya vidonge ni ile ile, mwezi ni ule ule, amedhulumiwa nani? Jumatatu hakunywa. Jumanne hakunywa. Jumatano kifua kikarudi na gunia lake, akanywa viwili. Siku moja, baada ya kukaa kibarazani tangu alasiri hadi magharibi pasipite mtu wa kumsalimu, alikunywa vitatu. Hakutaka kufa. Alitaka ile nafuu aliyoahidiwa ifike upesi, kama mteja anayegongagonga sahani.

Asubuhi yake alikuwa kwenye jiko lake ufukweni. Mafuta yalikuwa yameshika moto, vibua wanalia karaini, naye amekaa kwenye kibao chake kifupi, kichwa kimejaa pamba. Mteja akaita. Mwanakombo akainuka.

Dunia ikawa nyeusi kuanzia pembeni. Mbele yake karai likaja kubwa kama mdomo wa kisima. Halafu kanga ikamkaba shingo. Mauwa alikuwa ameishika kwa nyuma, akavuta kama anavuta nyavu, wote wawili wakaanguka chali. Mguu wa Mwanakombo ulilipiga figa moja, karai likainama, mafuta yakamwagika upande wa pili, mchanga ukachemka. Matone machache yalimrukia mkononi. Kama si kanga ile, yangekuwa mengine.

Wakakusanyika. Mmoja alisema kifafa. Mwingine akasema amepandwa na jini wa baharini, aulizwe anataka nini. Bi Mwanaasha alisimama juu yake.

"Mwanakombo mwanangu, nenda kapumzike," alisema. "Sitaki maiti kwenye mstari wangu."

"Bi Mwanaasha, mie mzima."

"Mzima haanguki. Nenda. Kanuni unaijua."

Alikuwa anaijua. Na alipokuwa akijikung'uta mchanga aliona, nyuma ya mstari, Munira, wifi yake Mauwa, ambaye mumewe alipunguzwa kiwandani. Munira alikuwa na karai jipya mkononi. Hakuwa akimtazama Mwanakombo. Alikuwa analitazama jiko.

Siku ya kwanza na ya pili Mwanakombo alilala. Hakuna aliyekuja. Siku ya tatu alisikia hatua zikikaribia ukuta, akajiinua kitandani, hatua zikapita. Siku ya nne ilikuwa Jumatano, si siku ya kliniki, lakini mawazo yale ya kutaka asubuhi isimkute yalirudi mchana kweupe, akiwa anaosha sufuria moja na sahani moja. Akakumbuka maneno ya sista: usingoje tarehe. Akajifunga kanga, akaenda.

Sista Jovina alimwaga bahasha mezani, akahesabu. Akaangalia tarehe. Akahesabu tena.

"Vimebaki sawasawa na ninavyotegemea," alisema, "na wewe una jeraha la moto mkononi. Niambie ulivyokunywa."

Mwanakombo alitaka kupunguza. Mtu wa soko hasemi kasoro ya bidhaa yake. Lakini alikuwa amechoka, akasema yote: siku alizoruka, viwili, vitatu, kibao, karai. Akasema na mawazo yale yaliyorudi.

Sista hakugomba. "Mama, wewe unakausha samaki? Ng'onda unatengeneza?"

"Tangu sijaolewa."

"Samaki mkubwa, nguru. Leo usimtie chumvi. Kesho usimtie. Kesho kutwa ummwagie kibaba kizima. Atakuwaje?"

"Nje atachoma ulimi. Ndani ameoza."

"Ndivyo ulivyojitendea. Mwili unataka chumvi kidogo, kila siku, saa ile ile, mpaka iingie mfupani. Nyongeza haiingii. Inamwagika nje, na inaunguza."

Hilo alilielewa, kwa sababu lilikuwa la kazi.

Daktari alimpima presha amekaa, kisha amesimama, akatikisa kichwa. Akamuuliza yale mawazo yamefika wapi, kama ana mpango, kama nyumbani kuna mtu. Mpango hakuwa nao. Mtu pia hakuwa naye. Basi dawa ikapunguzwa hadi nusu kidonge, iongezwe polepole, na apewe ya wiki moja tu, arudi kila Alhamisi aonekane. Anywe mapema, baada ya swala ya magharibi, ili usingizi uishe kabla ya mnada. Sista akamwonyesha namna ya kuinuka: geuka, kaa, hesabu hadi ishirini, simama umeshika kitu, ndipo utembee. Mdomo ukikauka, maji kidogo kidogo na kipande cha ndimu. Kwa choo, papai, mchicha, maji tena. Mkojo ukigoma kutoka, au moyo ukienda mbio, aje mbio.

"Na moto?" Mwanakombo aliuliza.

"Mafuta ya moto usiyasogelee wiki tatu."

"Wiki tatu! Sista, nina siku tatu."

"Siku tatu za nini?"

Akamweleza kanuni ya siku saba. Sista Jovina alifikiri, akavua miwani. "Hapo sina dawa," alisema. "Hapo wewe ndiye fundi."

Njiani Mwanakombo aliigeuza kanuni kichwani kama anavyogeuza changu kutafuta jicho lililokufa. Jiko likilala siku saba bila moto. Hakuna aliyesema moto uwashwe na nani.

Siku ya sita, baada ya mnada, alikwenda moja kwa moja kwa Mauwa. Mauwa alikuwa anachambua kuni.

"Umekuja kuanguka tena?"

"Nimekuja na biashara. Wifi yako Munira awashe jiko langu kesho. Wiki tatu akaange hapo, faida yote yake. Mie nitakaa nyuma, mbali na moto, namparulia samaki. Wiki ya nne anaondoka."

Mauwa akaacha kuni. "Na asipoondoka?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako na siyo kwake. Ukisema mbele ya Bi Mwanaasha kwamba jiko ni langu, hawezi kubisha."

"Nikikaa kimya siku moja tu, jiko linakuwa la wifi yangu bure."

"Najua."

"Sasa mie napata nini?"

"Nitakuparulia samaki wiki hizo tatu. Na wateja wangu wa hoteli, nusu yao nakuachia."

Mauwa alimtazama. Ilikuwa bei nzuri, na wote wawili walijua.

"Haitoshi," alisema Mauwa. "Nataka kujua unaumwa nini. Niliivuta kanga yako, nusura niungue mie. Siwezi kukaa karibu na kitu nisichokijua."

Hiyo ndiyo bei Mwanakombo hakutaka kuilipa. Angempa hata wateja wote. Alitazama chini, mdomo umekauka, akatoa kipande cha ndimu kwenye fundo la kanga, akakifyonza.

"Sonona," alisema. "Moyo umeingia giza. Nakwenda kliniki ile ya chumba cha mwisho. Nakunywa vidonge. Nilivinywa vibaya, nikajipa nyongeza, ndiyo nikaanguka."

Mauwa akapiga paja.

"Basi! Mie nilidhani Ukimwi!"

"Mungu wangu, Mauwa."

"Sasa? Umekonda, umenyamaza, huli. Watu wameshakuzika huku, wamebakia kugombania karai." Akaokota kuni zake. "Nyongeza ya dawa! Weye tamaa itakuua, shoga. Haya. Mwambie Munira mwenyewe, mie nitakuwepo."

Siku ya saba jiko liliwashwa. Bi Mwanaasha alikuja, akautazama moto, akamtazama Munira, akamtazama Mwanakombo aliyekaa nyuma kwenye kivuli cha makuti na kisu cha magamba.

"Moto wa nani huu?"

Munira alifungua mdomo. Mauwa akamtangulia: "Wa Mwanakombo. Huyu kaazimwa."

Bi Mwanaasha akaguna, akaenda zake.

Zilikuwa wiki tatu ndefu. Nyuma ya mstari hakuna mteja anayekuita. Aliparua, magamba yakamganda mikononi hadi viwiko, akawasikia wengine mbele wakicheka na kutukanana, na mara nyingi hakuna aliyegeuka. Magharibi alirudi Mtongani, akanywa nusu, baadaye kizima, kila siku saa ile ile. Bahasha aliiweka juu ya kabati. Zilikuwepo siku alizotaka kuitupa chooni, na siku moja aliyotaka kujipa nyongeza. Siku hiyo alitoka nje akakaa kibarazani mpaka hamu ikapita. Alhamisi kwa Alhamisi Sista Jovina alihesabu na vidonge vikawa sawa na tarehe.

Nafuu haikuja kwa kishindo. Siku moja ya wiki ya tatu aligundua kuwa amemaliza ubwabwa wote, na kuku wa jirani wamesimama wanamngoja.

Wiki ya nne, baada ya daktari kumpima tena amekaa na amesimama, aliruhusiwa moto. Alifika mnadani mchanga ukiwa wa baridi, chupa ya maji kwapani. Dalali alimwaga tenga la vibua, akamwona, akaitaja ile bei ya kuchokoza, kwa upole kidogo, kama anayemwonea huruma.

Mwanakombo akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni, akameza.

"Hao vibua umewazaa weye?" alisema. "Kwa bei hiyo niwasomeshe?"

Dalali akaapa kwa jina la mama yake. Kelele ikaanza. Mwanakombo aliwachukua kwa bei ya nne.

Munira alikuwa ameshaliteremsha karai lake. Hakuaga, na Mwanakombo hakumlaumu. Yeye mwenyewe angefanya vivyo hivyo. Akawasha moto, akakaa kwenye kibao kipya, kirefu kuliko kile cha zamani. Mteja wa kwanza alipoita, alishika mti uliokitwa kando ya jiko, akaanza kuhesabu.

"Polepole weye," Mauwa alisema bila kugeuka. "Sina kanga ya kushika kila siku."

"Mwanakombo, nyongeza yangu?" mteja alidai.

Akampa kijibua kilichovunjika mkia, akilalamika.

Jioni alirudi Mtongani. Mauwa hakuwahi kuja kumpigia hodi, wala yeye hakumwalika. Mapatano yao hayakuwa na kifungu hicho. Nyumba ilikuwa ile ile, vyumba vitatu, kimya cha vyumba vitatu. Sista alikuwa amemwambia miezi sita baada ya kupona ndipo wazungumze habari ya kupunguza, na kupunguza kwenyewe kuwe kidogo kidogo. Mwanakombo alijaribu kupatana iwe minne. Sista alikataa.

Aliswali magharibi. Akapanda kigoda taratibu, akashusha bahasha juu ya kabati, akatoa kimoja, akakimeza. Kabla ya kuirudisha aliitikisa sikioni, akavisikia vilivyobaki vikigongana. Akairudisha mahali pake, akateremka ameshika ukuta.